Sarufi ya Kituruki katika Mizani ya Kiswahili

Mtu aliyezaliwa katika Kiswahili, akashika mkononi kitabu cha sarufi ya Kituruki kilichotungwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu wenzao, aghalabu hukutana katika kurasa za mwanzo na onyo la kwamba lugha hii ni ngeni mno kwa tabia yake, kwamba maneno yake hurefuka kupita kiasi, na kwamba kitenzi kimoja hubeba peke yake mambo ambayo lugha nyingine huyatawanya katika maneno matano au sita. Naye, asipotafakari, huliamini onyo hilo na kuingiwa na hofu isiyo na msingi, ilhali hayo yote yanayomshangaza Mwingereza na Mfaransa ni mambo anayoyafanya yeye mwenyewe tangu asubuhi hata usiku kila afunguapo kinywa. Neno “hawakuonanishwa” ni neno moja tu, na ndani yake mna ukanushi, nafsi, wakati, mzizi wa kuona, dalili ya kutendana, dalili ya kusababisha na dalili ya kutendwa. Wala hakuna Mswahili aliyepata kulihesabu kuwa ni muujiza.

Dai la makala haya, basi, ni kwamba Mswahili hana haja ya kukipima Kituruki kwa kipimo cha Kiingereza, kwa kuwa kipimo kilicho sahihi zaidi anacho katika kitenzi chake. Na kwamba pale lugha hizi mbili zinapoachana, huachana kwa kanuni moja kubwa, iliyo nyepesi kuitamka na nzito kuizoea, nayo ni kuwa katika Kituruki kilicho kikuu huja mwisho. Ulama wa Kiarabu walitenga elimu mbili, sarufi inayoshughulika na maumbo ya maneno na nahau inayoshughulika na mpangilio wake katika sentensi, na mgawanyo huo una manufaa yake. Lakini katika Kituruki elimu hizo mbili hutawaliwa na kanuni ile ile, na anayezisoma mbalimbali hupoteza nusu ya faida.

Kupimwa kwa mizani ya wengine ni jambo la kale katika maisha ya lugha hii. Maandishi yake ya zamani yajulikanayo zaidi yamechongwa katika mawe ya bonde la Orkhon, nchi ya Mongolia, na jiwe la Kül Tigin ni la mwaka 732. Lakini mtu wa kwanza kuieleza kwa upana alikuwa Mahmud al-Kashgari, aliyetunga huko Baghdad, katika miaka ya 1070, diwani kubwa ya lugha za Waturuki kwa Kiarabu, ili Waarabu wapate kuwaelewa watu ambao tayari walikuwa wameshika hatamu za dola, naye akayapanga maneno kwa kufuata desturi ya kamusi za Kiarabu. Baada yake, miaka mamia kadhaa, Wazungu waliipanga upya kwa mafungu ya Kilatini. Max Müller, alipohutubia London mwaka 1861, aliisifu sarufi ya Kituruki kwa unyoofu wake uliokaribia kumfanya adhani kuwa imebuniwa na jopo la wanazuoni. Sifa hiyo ni ya haki, ila imesemwa na mtu aliyetazama kutoka nje. Anayetoka katika lugha ya kuambisha haoni ubunifu wa jopo, bali huona jamaa aliyelelewa nyumba nyingine.

Na tulichukue sasa lile neno letu tulipeleke Uturuki. “Hawakuonanishwa” kwa Kituruki ni “görüştürülmediler”, na ukilichambua hupata “gör”, yaani “ona”, kisha “üş”, yaani “an” ya kutendana, kisha “tür”, yaani “ish” ya kusababisha, kisha “ül”, yaani “w” ya kutendwa, kisha “me” inayokanusha, kisha “di” ya wakati uliopita, na mwisho “ler” inayosema kuwa watu hao ni wengi nao hawapo katika mazungumzo. Mwenye kupenda nahau na asimame hapa kwa muda, kwa sababu mfuatano wa “on-an-ish-w” na mfuatano wa “gör-üş-tür-ül” ni mmoja, kiungo kwa kiungo, katika lugha mbili zisizo na nasaba hata kidogo. Wala jambo hili si bahati nasibu, kwani mpangilio huo unafuata mpangilio wa tukio lenyewe: kwanza watu wawili huonana, kisha hutokea mtu wa tatu akawafanya waonane, kisha mtu huyo akafichwa na sentensi ikabaki na wale walioonanishwa. Kila kiambishi hukichukua chote kilichokitangulia na kukigeuza, nacho kikageuzwa na kinachofuata.

Yaliyobaki ndiyo yanayotutenga. Sisi ukanushi, nafsi na wakati huvitanguliza mbele ya mzizi, hata msikilizaji akajua ni nani na ni lini kabla hajajua ni nini kilichotendwa. Mturuki huanza na mzizi siku zote, bila ya kuutangulizia kitu, kisha akapachika dalili moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, na nafsi, ambayo kwetu husimama mlangoni mwa kitenzi, kwake hufika mwisho kabisa. Kwa hiyo “nilisoma” ni “okudum”, na “sikusoma” ni “okumadım”, ambamo “oku” ni kusoma, “ma” ni ukanushi, “dı” ni wakati na “m” ni mimi. Kuna pahala Kituruki huvunja utaratibu huu, hususan katika wakati wa mazoea, ambapo “gelir”, maana yake “huja”, hukanushwa kuwa “gelmez” na si kwa umbo ambalo mtu angelitarajia; lakini mahali kama hapo ni pachache, na yeyote aliyezoea kuona “nilisoma” ikigeuka kuwa “sikusoma”, nayo “nitasoma” ikibaki na wakati wake katika “sitasoma”, hana haki ya kulalamika.

Huenda msomaji ameuliza kwa nini kiambishi kile kile huandikwa mara “me” na mara “ma”, mara “di” na mara “dı”. Jawabu ni usikizano wa irabu. Kituruki kina irabu nane, nne za nyuma ya kinywa, a, ı, o na u, na nne za mbele, e, i, ö na ü. Na kiambishi huifuata irabu ya mwisho ya neno kinalopachikwa, hivi kwamba nyumba, “ev”, huwa “evler” kwa wingi, nacho kitabu, “kitap”, huwa “kitaplar”. Viambishi vingine vina sura mbili, vingine vina nne: “evim” ni nyumba yangu, “kitabım” kitabu changu, “okulum” shule yangu, “gözüm” jicho langu. Mzungu huambiwa kuwa hili ni jambo la kigeni, lakini Mswahili asemaye “pikia” na “katia” kwa i, kisha akasema “somea” na “letea” kwa e, amekuwa akisikizanisha irabu maisha yake yote bila ya kufundishwa. Tofauti ni kwamba kwetu kanuni hiyo huishia katika minyambuliko ya kitenzi, na kwao imeenea takriban neno zima. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia humo huleta ubishi kidogo, kama “saat”, ambalo ni saa letu, ambalo wingi wake ni “saatler” ijapokuwa irabu yake ya mwisho ni a. Mambo hayo hujifunzwa kwa sikio.

Katika nomino, kiambishi tamati tunacho kimoja tu cha kulinganisha, ile “ni” ya mahali, na kwacho mtu aweza kufahamu mfumo mzima wa uhusika. Sisi husema “nakwenda nyumbani”, “nakaa nyumbani” na “natoka nyumbani”, na neno “nyumbani” halibadiliki, kwa kuwa kazi ya kutofautisha mwendo, makazi na chimbuko tumekiachia kitenzi. Mturuki huiweka kazi hiyo katika nomino yenyewe: “eve” ni nyumbani kwa anayekwenda, “evde” ni nyumbani kwa aliyeko, “evden” ni nyumbani kwa anayetoka. Ukiongeza kiambishi cha kumiliki na cha uhusika wa mali, umeshakaribia kuukamilisha mfumo, na viambishi hivyo hupangana vivyo hivyo, “evlerimizde” ikiwa ni “ev” nyumba, “ler” wingi, “imiz” yetu, “de” mahali, yaani “katika nyumba zetu”. Wala hakuna ngeli. Huyu Mturuki asiyejua m-wa wala ki-vi, ambaye kivumishi chake hakibadiliki hata mbele ya wingi, husema “büyük ev” kwa nyumba kubwa na “iki kitap” kwa vitabu viwili, bila ya kuona haja ya wingi baada ya hesabu kutajwa.

Nimebakisha kiambishi kimoja cha uhusika kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachowatesa wanafunzi wa Ulaya na ndicho ambacho Mswahili angepaswa kukipokea kwa furaha. “Ali kitap okudu” na “Ali kitabı okudu” hufasiriwa na wengi kwa sentensi moja, ila Mswahili anazo mbili: ya kwanza ni “Ali alisoma kitabu”, ya pili ni “Ali alikisoma kitabu”. Ile “ki” tunayoipachika ndani ya kitenzi ili kuonyesha kwamba kitabu hicho kinajulikana, kimeshatajwa, kina nafasi yake katika mazungumzo, Mturuki huipachika mwishoni mwa kitabu chenyewe kwa sura ya “ı”, na “kitap” pasipo kiambishi hicho hukaa mgongoni mwa kitenzi na kuungana nacho, hata maana ikakaribia kuwa Ali alishughulika na usomaji, kiwe kitabu kimoja au viwe vingi. Ni kweli kuwa mipaka haikulingana kila pahala, kwani sisi humpa binadamu kiambishi chake hata akiwa hajulikani, tukasema “nilimwona mtu”, ilhali Mturuki husema “bir adam gördüm” akimwacha mtu huyo bila dalili yoyote. Hata hivyo hisia ya jambo lenyewe, ya kwamba lugha yaweza kutofautisha kinachojulikana na kisichojulikana pasipo kuwa na kibainishi cha namna ya Kiingereza au Kiarabu, Mswahili anayo tangu utotoni.

Sasa tufikie ile kanuni kubwa. Katika Kiswahili kilicho kikuu hutangulia: husema kitabu kwanza, ndipo tukaeleza kuwa ni kizuri, kuwa ni cha Ali, kuwa ndicho tulichokinunua, na kitenzi hutangulia yambwa yake. Kituruki hugeuza yote haya kwa mpigo mmoja. Kivumishi hutangulia nomino, mmiliki hutangulia kinachomilikiwa, yambwa hutangulia kitenzi, na maneno ambayo kwetu ni vihusishi vya mbele kwao hufuata nyuma, hivyo kwamba “baada ya shule” ni “okuldan sonra”, neno la baada likiwa la mwisho. Sentensi kwa hiyo hujengwa vile vile kama neno linavyojengwa: kama “ül” inavyokitawala chote kilichoitangulia, ndivyo kitenzi kinavyoitawala sentensi kutoka mwisho wake.

Umiliki una jambo la ziada, kwa kuwa Mturuki huwatia alama wote wawili, mwenye mali na mali yake, akasema “Ali'nin kitabı”, kana kwamba angesema “wa Ali kitabu chake”. Na ukimwondolea mmiliki alama yake ukaacha ile ya mali peke yake, hupata jina la aina ya kitu au jina la cheo. Maumbo ya namna hii yameshapita katika vinywa vya watu wetu. Afisa wa Kijerumani Wissmann alipoandika askari wa Kisudani mjini Kairo mwaka 1889, watu hao walikuja pwani ya Tanganyika na vyeo vya jeshi la Misri ambavyo asili yake ni Kituruki, na miongoni mwavyo ni ombasha, yaani “onbaşı”, ambamo “on” ni kumi, “baş” ni kichwa na “ı” ni “chake”: mkuu wa kumi. Bimbashi, aliyemo katika kamusi zetu za zamani, ni “binbaşı”, mkuu wa elfu. Kiambishi cha Kituruki tulikuwa nacho, kimeganda ndani ya cheo.

Ugumu wa kweli, na sipendi kuuficha, uko katika vishazi rejeshi. Sisi husema “mwalimu ambaye Ali alimwona jana Ankara atakwenda Istanbul leo”, tukamtaja mwalimu mwanzoni kisha tukamrejelea. Mturuki husema “Ali'nin dün Ankara'da gördüğü öğretmen bugün İstanbul'a gidecek”, na ukiifuata neno kwa neno ni hivi: wa Ali, jana, Ankara, kuona kwake, mwalimu, leo, Istanbul, atakwenda. Msikilizaji hupewa Ali, siku, mji na tendo kabla ya kujua kwamba habari hiyo yote ilikuwa sifa ya mwalimu, na humngojea mwalimu ili vipande vyote vipate mwenyewe. Aliyezoea kupata kikuu mbele huona kuwa anaachwa hewani, akakata tamaa katikati ya sentensi. Dawa yake ni kuziacha jitihada za kufasiri neno kwa neno na kuikubali ile “gördüğü” kuwa ni nomino yenye mmiliki, kuona kwake Ali, kwa namna ile ile tusemayo “kufika kwake kumetufurahisha” au “nilishangazwa na kuondoka kwao”. Mturuki husema “gelmesini istiyorum”, maana yake nataka aje, na kwa kuifuata ni “kuja kwake nataka”. Husema “Ali'nin geldiğini biliyorum”, najua kuwa Ali amekuja, na kwa kuifuata ni “kuja kwake Ali najua”. Kitenzijina chetu chenye kimilikishi, ambacho sisi tunakitumia kwa kiasi, kwao ndicho nguzo ya sentensi zote ndefu, na mwanafunzi wa Kiswahili akikishika hicho ameyashika mengi.

Wasidhani wasomaji kuwa mpangilio wa Kituruki ni wa chuma. Kwa kuwa kila nomino hubeba dalili ya kazi yake, maneno yaweza kuhama, nayo huhama kwa sababu. Mahali palipo karibu kabisa na kitenzi, kabla yake, ni mahali pa mkazo: “Ali kitabı dün okudu” hukazia jana, na “Kitabı Ali okudu” ni “Ali ndiye aliyekisoma kitabu”. Kile sisi tunachokifanya kwa “ndi” pamoja na urejeshi, wao hukifanya kwa kuhamisha neno. Kadhalika kiulizi “mi” hufuata neno linaloulizwa, hata “Ali kitabı okudu mu?” ikawa swali la tendo, na “Kitabı Ali mi okudu?” ikawa swali la mtu, yaani “Je, ni Ali aliyekisoma kitabu?” Maneno yaliyowekwa baada ya kitenzi ni ya nyongeza au ya mazungumzo, na mwandishi wa insha Nurullah Ataç, aliyefariki mwaka 1957, aliitetea sentensi ya namna hii hata katika maandishi, jambo lililozua mjadala baina ya wanafasihi wa zama zake.

Kuna kiambishi ambacho katika Kiswahili hakina ndugu wa umbo, ila kina ndugu wa maana. “Geldi” ni “alikuja”, na asemaye hujitwika dhamana ya habari. “Gelmiş” ni alikuja pia, lakini kwa kusikia, au kwa kugundua baadaye, kama sisi tusemavyo “ati amekuja” au “kumbe amekuja”. Kwetu “ati” na “kumbe” ni hiari. Kwao uchaguzi huo umo ndani ya kitenzi na hauna budi kufanywa, na kwa sababu hiyo hadithi za jadi husimuliwa kwa “miş”, kwani msimulizi hakuwako. “Gelemeyeceklermiş”, neno moja, ni “ati hawataweza kuja”. Uaminifu wa namna hii katika kutenga kilichoshuhudiwa na kilichosikiwa ni jambo ninaloliona kuwa miongoni mwa fahari kubwa za lugha hii.

Haifai kumaliza bila ya kutaja mageuzi. Tarehe 1 Novemba 1928 Bunge la Ankara, kwa uongozi wa Mustafa Kemal, lilipitisha sheria ya alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29; na katika mwaka huo huo wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1932 ikaundwa jumuiya ya lugha iliyojitwika kazi ya kuyaondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, na pamoja nayo ikaondoka miundo ya Kiajemi iliyokuwa ikiweka nomino mbele ya sifa zake kinyume cha tabia ya Kituruki. Kwa upande wa mpangilio wa maneno, mageuzi hayo yaliirudisha lugha katika mwendo wake wa asili, na hapo nayaunga mkono. Kwa upande wa msamiati siwezi kufurahi kikamilifu, kwa sababu “muallim”, ambaye Mswahili angemtambua papo hapo, alipisha “öğretmen”, neno lililoundwa kutoka “öğret”, funza; na “hürriyet”, jamaa wa uhuru wetu, ikapisha “özgürlük” ya kiambishi “lük”, ambacho kazi yake ni ile ya “u” yetu ya dhahania. Bado yapo mengi yaliyosalia, kitap, saat, haber, dünya, hesap, akıl, asker, na mwanafunzi wetu huyakuta yakimngojea.

Vijana wetu wanaokwenda kusoma Ankara na Istanbul, na wafanya biashara wa nguo wanaofuata njia hiyo hiyo, hufundishwa lugha hii aghalabu kwa vitabu vya Kiingereza, wakaelezewa uambishaji kwa lugha isiyo na uambishaji wa kiasi hicho, na usikizano wa irabu kwa lugha isiyoujua. Walimu wa Kiswahili wanaojua Kituruki na waandike sarufi yake kwa Kiswahili, na somo la kwanza liwe “on-an-ish-w” kando ya “gör-üş-tür-ül”.